Mjomba ameacha mkanda ulioandikwa "Get Back": tuupige, tuuuze, au tufanyeje?

"Mjomba wetu alifariki mwaka jana. Aliishi London tangu 1968 hadi 1977, kisha akarudi Tanga. Kwenye sanduku lake tumekuta mkanda wa rili ya inchi 7, ndani ya boksi la kadibodi lililoandikwa kwa wino: 'Beatles, Get Back, G. Johns, 69'. Kaka yangu amesoma kwamba kuna zaidi ya saa mia moja za rekodi za albamu ya Let It Be ambazo hazijawahi kutolewa, na anaamini tumekalia utajiri. Kuna mtu ameshaahidi kumtafutia mnunuzi nje. Rafiki yake ana mashine ya zamani ya rili na anataka tuusikilize Jumamosi ili tuhakikishe. Mimi nasita. Boksi lina madoa ya ukungu na mkanda unanuka kama siki. Je, huenda ni mkanda halisi wa studio? Tuufanyeje?"

Ndugu yangu, poleni sana kwa kuondokewa na mjomba. Nianze na Jumamosi, maana ndiyo inayonitia hofu: msiupige mkanda huo. Rafiki wa kaka yako ana nia njema, lakini ukungu uliouona na harufu uliyoisikia ni dalili za magonjwa mawili tofauti, na mkanda mgonjwa mara nyingi hukubali kupigwa mara moja tu. Hiyo mara moja iwekeni akiba kwa mtu mwenye mashine iliyopimwa, na sauti iwe inanakiliwa papo hapo.

Swali lako lina mambo matatu yaliyosokotana: mkanda huu ni kitu gani, utasikilizwaje bila kuharibika, na una haki gani ya kuuuza. Kaka yako ameanzia mwisho. Mimi naomba tuanzie mwanzo, kwa sababu jibu la jambo la kwanza linabadilisha mengine yote.

Tarehe 2 Januari 1969 Beatles, kikundi cha muziki cha Uingereza, waliingia kwenye studio za filamu za Twickenham, London, kutunga nyimbo mpya mbele ya kamera za mwongozaji filamu Michael Lindsay-Hogg. Nia ilikuwa kurudi walikoanzia: wanne, John Lennon, Paul McCartney, George Harrison na Ringo Starr, wapige pamoja kwa mkupuo mmoja, bila kupachika sauti baadaye. Mradi ukaitwa Get Back. Mambo hayakwenda vizuri. Tarehe 10 George Harrison aliinuka akaondoka. Aliporudi, kazi ilihamishiwa chini ya jengo la kampuni yao ya Apple, Savile Row namba 3, na tarehe 22 Billy Preston akaketi kwenye kinanda, hali ya hewa ikabadilika mle ndani. Tarehe 30 walipanda juu ya paa la jengo hilo wakapiga kwa takriban dakika 42 huku polisi wakigonga mlango chini. Kesho yake wakafunga kazi. Mwezi mmoja tu, lakini ulirekodiwa kuliko mwezi wowote wa maisha yao, na tena ulirekodiwa kwa njia tofauti ambazo watu huzichanganya.

Njia ya kwanza ilikuwa sauti ya filamu. Watu wa kamera walikuwa na mashine mbili za kurekodia za Nagra, za mkanda mwembamba na sauti ya mono, yaani yote kwenye njia moja, moja ikifuatana na kamera A na nyingine na kamera B. Kila mkanda ulidumu kama dakika 16, kisha ukabadilishwa. Kwa kuwa mashine zilikuwa mbili na ziliachwa zizunguke hata kamera zilipozimwa, zilinasa karibu kila kitu: nyimbo zinazoanza na kukatika, kikombe kikiwekwa mezani, ubishi, kimya. Utasikia mtu akitaja namba ya mkanda, kisha mlio mfupi wa kulinganisha sauti na picha. Hizi ndizo zile saa nyingi alizosoma kaka yako. Mwongozaji Peter Jackson alipotengeneza filamu yake ndefu ya 2021 kuhusu mwezi huo, alifanyia kazi takriban saa 60 za picha na saa 150 za sauti. Ilibidi timu yake ifundishe kompyuta kutenganisha sauti zilizogandamana kwenye mono, kwa sababu kikundi kilipotaka kuzungumza faragha kilikuwa kinakwaruza magitaa kwa nguvu ili kuwafunika watu wa filamu. Hata maongezi ya Lennon na McCartney ya mchana mmoja yalinaswa na kipaza sauti kilichofichwa ndani ya chungu cha maua.

Njia ya pili ilikuwa ya muziki wenyewe, na ilianza walipofika Savile Row. Studio aliyowajengea fundi wao Alexis Mardas haikufaa hata kidogo, ikabidi vifaa viazimwe upesi upesi kutoka kampuni yao ya rekodi, EMI, na muziki ukarekodiwa kwenye mashine ya njia nane, yaani mistari minane ya sauti inayojitegemea kwenye mkanda mmoja. Glyn Johns ndiye aliyekaa kwenye mitambo, mtayarishaji wao George Martin akiwapo, na kijana Alan Parsons akishughulikia mikanda. (Siku ya paani upepo ulikuwa mkali, Parsons akatumwa dukani kununua soksi ndefu za kike za kuvisha vipaza sauti. Kila nikisikiliza nyimbo za siku ile nazikumbuka zile soksi, kwa sababu bila hizo tungesikia upepo.) Mkanda wa njia nane una upana wa inchi 1 nzima, yaani sentimita 2.5. Huo ndio mkanda mama.

Njia ya tatu haikuwa kurekodi. Ilikuwa kuchagua na kuchanganya, na hapa ndipo jina lililoandikwa kwenye boksi la mjomba linapoingia. Mapema Machi 1969 Lennon na McCartney walimkabidhi Johns lundo la mikanda ya njia nane, wakamwachia atengeneze albamu. Akaipanga jinsi alivyoisikia, pamoja na vicheko, makosa na mazungumzo katikati ya nyimbo. Albamu hiyo ilikuwa tayari mwishoni mwa Mei 1969 lakini haikutolewa. Akaipanga upya Januari 1970, ikakataliwa tena. Ndipo mikanda ikapewa mtayarishaji Mmarekani Phil Spector, ambaye Aprili mosi 1970 aliongeza okestra na kwaya kwenye baadhi ya nyimbo, na Let It Be ikatoka Uingereza tarehe 8 Mei. McCartney hakuyapenda aliyofanyiwa "The Long and Winding Road", na mimi nakubaliana naye. Mpangilio wa Johns una mikunjo na mavumbi, lakini unasikia watu wanne ndani ya chumba.

Sasa tazama maandishi ya mjomba kwa jicho hilo. "Get Back, G. Johns, 69" hayasemi kwamba huu ni mkanda wa kikao cha studio. Yanataja ule mpangilio wa Johns, na mpangilio huo ulianza kuzagaa tangu mapema. Santuri za majaribio, zile laini zinazokatwa moja moja ili wahusika wasikilize nyumbani, zilitoka nje ya mikono iliyokusudiwa. Septemba 1969 redio za Marekani, ikiwemo WBCN ya Boston, ziliupiga hewani, wasikilizaji wakaurekodi, na haukupita muda mrefu zikatoka santuri za magendo kutokana na rekodi hizo. Moja ya zile za kwanza kabisa za Beatles, iliyoitwa Kum Back, ilizaliwa hivyo. Kijana aliyekuwa London miaka ile, mpenda muziki, mwenye rafiki mwenye mashine ya rili, angeweza kabisa kunakili kutoka santuri kama hiyo, au kutoka nakala ya nakala. Hilo ndilo naliona lina uwezekano mkubwa kwenu.

Ukubwa wa rili unaniunga mkono. Studio za kulipia zilitumia kasi ya inchi 15 kwa sekunde kwa mikanda mama. Rili ya inchi 7 yenye mkanda wa kawaida, futi 1,200, kwa kasi hiyo inakwisha ndani ya dakika 16. Hata upande mmoja wa albamu hauenei. Ukipunguza kasi hadi inchi 7.5 unapata dakika 32, na kwa inchi 3.75, kasi ya majumbani, unapata zaidi ya saa nzima, albamu inakaa yote. Na kama mkanda wenyewe una upana wa milimita 6 hivi, jambo ambalo mnaweza kuliona kwa rula bila kugusa chochote, basi si wa njia nane. Nagra nazo zilitumia upana huohuo mwembamba, lakini rili ya inchi 7 iliyojaa, ambayo kwa kasi ndogo hudumu dakika 32 au zaidi, hailingani na mikanda ya dakika 16 waliyokuwa wakibadilisha siku nzima.

Nisiufunge mlango kabisa. Studio zilikuwa na desturi ya kutengeneza nakala za kasi ndogo kwenye rili za inchi 7 ili msanii au mtu wa ofisini akasikilize nyumbani, na nakala ya namna hiyo ingekuwa kitu cha maana kwa watafiti. Lakini mwandiko kwenye boksi hauwezi kuthibitisha. Maboksi hubadilishana mikanda, na watu huandika walichoambiwa. Kitakachothibitisha ni historia: mjomba alifanya kazi wapi, alikaa na nani, kuna barua au picha ya miaka hiyo? Waulizeni wazee na marafiki zake sasa, kabla kumbukumbu hazijaondoka nao.

Kuhusu zile saa mia moja, mwambieni kaka yako kwa upole kwamba amechanganya. Saa nyingi ambazo hazijatolewa ni za Nagra. Mpangilio wa Johns si siri tena, kwani toleo kubwa la Let It Be la Oktoba 2021 lilijumuisha santuri nzima ya Get Back ya 1969, pamoja na nyimbo mbili kutoka mpangilio wake wa 1970. Kwa hiyo hata kama mkanda wenu ungetoka mikononi mwa Johns mwenyewe, nyimbo zilizomo mtu anazinunua dukani leo, zikiwa safi kutoka mkanda mama. Na kama kwa miujiza ingekuwa ni Nagra halisi, tatizo lingekuwa kubwa zaidi. Sehemu kubwa ya mikanda hiyo iliibwa, ikalisha biashara ya magendo kwa miaka mingi, hadi Januari 2003 polisi walipoikamata ipatayo 500 huko Uholanzi. Mtu anayewaahidi "mnunuzi wa nje" bila kuuliza mkanda umetoka wapi ni mtu wa kumkwepa.

Tuje kwenye afya ya mkanda.

Mkanda wa sumaku ni tabaka mbili. Chini kuna utepe wa plastiki unaobeba kila kitu. Juu yake kumepakwa unga wa oksidi ya chuma ulioshikwa na gundi, na sauti ni jinsi chembe hizo za chuma zilivyoelekezwa na sumaku ya mashine. Mikanda mingi ya zamani ilikuwa na utepe wa aseteti, jamaa wa karibu wa filamu za picha za zamani. Baadaye viwanda vikahamia poliyesta. Aseteti ikikaa kwenye joto na unyevu huanza kuoza kikemia, ikitoa asidi ileile iliyomo kwenye siki. Harufu uliyoisikia ndiyo hiyo. Asidi hiyo huharakisha kuoza kwenyewe, kwa hiyo ugonjwa ukishaanza unajisukuma, na hewa ya Tanga, yenye joto na unyevu mwaka mzima, inausukuma zaidi. Asidi inayopepea inaweza pia kuambukiza vitu vingine vya aseteti vilivyo karibu. Kama kwenye sanduku la mjomba kuna negativu za picha au filamu, ziondoeni leo.

Harufu hiyo ina habari moja njema: inaashiria mkanda uliotengenezwa zamani kweli. Mnaweza kuhakikisha bila kuufungua. Shikeni rili nzima ikitazama dirisha. Kama mwanga unapenya ubavuni mwa mkanda uliosokotwa, ni aseteti. Kama ni giza tupu, ni poliyesta, na hapo harufu itahitaji maelezo mengine. Lakini msije mkasema, "Ni ya zamani, basi ni ya studio." Mkanda wa aseteti ulinunuliwa hata madukani.

Aseteti inayooza husinyaa na kukunjamana kama jani la mgomba lililokauka, kwa hiyo haitulii tena sawasawa kwenye hedi ya mashine, yaani kichwa kinachosoma sauti, na sauti huja ikififia. Inakuwa ngumu, na ikivutwa ghafla hukatika. Kukatika kwake si msiba mkubwa kama watu wanavyodhani. Hukatika wima, safi, na fundi anaweza kuunga bila kupoteza sauti. Poliyesta haikatiki upesi, bali hurefuka, na sehemu iliyorefuka haiponi. Hatari kubwa ya kwenu ni unga wa chuma kubanduka. Kila kipande kinachobaki kwenye hedi ni sauti iliyoondoka, na kinachobaki hapo kinaukwaruza mkanda unaofuata. Ukungu nao hula ile gundi, ukiuzungusha mkanda unarusha vimelea hewani, nanyi mnavivuta kifuani.

Nimewahi kuona jambo hili likitokea. Familia moja ilileta mkanda wa taarabu wa marehemu bibi yao baada ya kuupiga kwanza sebuleni "kidogo tu". Mpira wa kusukumia mkanda wa mashine ile ulikuwa umeyeyuka kwa uzee, ukaumeza mkanda, ukaukunja kama akodioni. Sehemu ya dakika nne hivi haikurudi. Walikuwa watu wangalifu, na mashine ilikuwa inawaka na kuzunguka vizuri. Mashine ya rili ya miaka 50 inaweza kuonekana nzima huku breki zake zikivuta kwa nguvu isiyo sawa, hedi yake imebaki na usumaku unaofuta sauti nyembamba kila inapopiga, na kitufe cha kurekodi kikiwa jirani kabisa na cha kupiga. Mtu akikosea vidole, amefuta kilichokuwapo.

Mtandaoni mtakutana na ushauri wa kuuoka mkanda kwenye oveni. Tafadhali sana, msifanye. Kuoka ni tiba ya ugonjwa mwingine kabisa, wa mikanda ya poliyesta iliyotengenezwa zaidi kuanzia miaka ya 1970, ambayo gundi yake hunyonya unyevu ikawa nata kama ulimbo. Hiyo huwekwa kwenye joko la maabara kwa joto la kama nyuzi 54 kwa saa nyingi, na hupona kwa muda. Aseteti ikitiwa joto hilo inaharibika moja kwa moja. Oveni ya jikoni haifai kwa mkanda wa aina yoyote, kwa sababu joto lake linapanda na kushuka usivyotaka.

Mnachoweza kufanya wenyewe ni kidogo, na kinatosha. Vaeni barakoa na glavu, lipelekeni boksi mahali penye hewa, lipigeni picha pande zote, pamoja na maandishi, chapa ya kiwanda na karatasi yoyote iliyomo. Msifute ukungu kwa kitambaa cha maji. Uwekeni mkanda ukiwa wima, kama kitabu, kwenye chumba chenye baridi na ukavu kuliko vyote mlivyonavyo, mbali na spika, na mbali na dirisha. Msiufunge ndani ya mfuko wa nailoni, maana asidi na unyevu vitabaki humo. Msiutie kwenye friji, kwani ukitolewa utatoka jasho.

Kisha mnahitaji mtu wa ana kwa ana. Kwa hali mliyoieleza hili si la hiari, wala lisisubiri mwaka ujao. Anzeni Dar es Salaam: watu waliofanya kazi ya kutunza mikanda redioni wanaijua kazi hii, kwa sababu muziki wetu wa dansi na taarabu wa miaka ya 1960 na 1970 umehifadhiwa kwenye rili za namna hiihii. Wahifadhi wa makumbusho na wa nyaraka za taifa nao wanajua kushughulikia ukungu. Mkiwa na ndugu London, kitengo cha sauti cha British Library kinaweza kumwelekeza kwa mafundi wa kuaminika. Mtakayemwendea, mwulizeni maswali haya kabla hamjamwachia mkanda: amewahi kupiga aseteti yenye siki? Mashine yake alipima lini? Atanakili kwa kiwango gani? Akijibu walau kilohezi 96 na biti 24, faili za WAV, bila kusafisha mvumo wala kuongeza chochote, yuko sawa. Usafi unaweza kufanywa baadaye kwenye nakala. Akiwaambia ataupiga, asikie, "kisha tutaona," mshukuruni na mwondoke.

Nakala ikishapatikana, mtaweza kujua mambo mengi kwa masikio tu. Mkisikia okestra na kwaya kwenye "The Long and Winding Road", hiyo ni albamu ya Spector iliyouzwa madukani, na boksi limewadanganya. Mkisikia "Teddy Boy", wimbo wa McCartney ulioondolewa baadaye, na "I Me Mine" haumo, ni mpangilio wa 1969. "I Me Mine" ukiwamo, ni ule wa Januari 1970, kwa maana wimbo huo ulirekodiwa studio tarehe 3 Januari mwaka huo, Lennon hayupo. Mikwaruzo inayojirudia kwa mpigo wa santuri inayozunguka itawaambia ilinakiliwa kutoka santuri. Sauti ya mtangazaji itawaambia ni redio. Mkisikia mwangwi hafifu wa wimbo unatangulia wimbo wenyewe kwa sekunde chache, msishtuke. Ni sumaku ya mzunguko mmoja wa mkanda iliyojichapa kwenye mzunguko wa jirani kwa miaka yote ile ya kukaa.

Haki za kisheria zina tabaka mbili, na watu huziona moja. Mkanda kama kitu, plastiki na boksi, ukiwa nakala aliyojitengenezea mjomba, ni mali ya warithi wake. Sauti na nyimbo zilizomo si zenu. Kaka yako huenda amesikia kwamba Ulaya rekodi isiyotolewa hupoteza ulinzi baada ya miaka 50. Kanuni hiyo ipo kweli, na ndiyo iliyofanya Desemba 2013 zitolewe kwa ghafla rekodi 59 za Beatles za mwaka 1963, zisije zikapotea mikononi mwa wenyewe. Lakini kanuni hiyo inahusu rekodi, siyo utunzi. Wimbo Uingereza unalindwa hadi miaka 70 baada ya mtunzi wa mwisho kufariki, na McCartney yu hai. Kwa hiyo msipandishe kitu mtandaoni, hata dakika moja ya "kuonyesha". Wala msimtumie yule aliyeahidi mnunuzi sampuli ya sauti. Mkifikia hatua ya kutaka kuuza, nendeni na karatasi zenu kwa wakili wa hakimiliki, kisha kwa mnada unaojulikana, ambao swali lake la kwanza litakuwa mkanda umetoka wapi. Kama jibu ni "hatujui", msitegemee bei ya kubadilisha maisha. Gharama ya kuunakili vizuri huenda ikazidi mtakachopata kwa kuuuza.

Hata hivyo, mimi ningeilipa gharama hiyo, na sababu yangu haihusiani na Beatles.

Mashine nyingi za majumbani za miaka ile zilirekodi njia nne kwenye ule upana wa milimita 6. Mbili zilikwenda upande mmoja, na ukigeuza rili, mbili zilizobaki zilikwenda upande wa pili. Watu waliandika kwenye boksi kile cha upande wa kwanza tu. Upande wa pili waliutumia kwa lolote: redio ya jioni, mtoto akilia, salamu za kutuma nyumbani. Watu wengi walio mbali na kwao walituma barua za sauti kwa mkanda, wakati simu ya kimataifa ilikuwa ghali na barua ya karatasi haikutosha. Mjomba wenu aliishi huko miaka tisa. Mkanda ulikuwa na bei, na kijana hakuuacha upande mtupu kirahisi.

Ndiyo maana nawaomba fundi yeyote mtakayempata mmwambie achukue njia zote nne, hata kama kwenye mbili kati yake atasikia maneno yakienda kinyumenyume. Ageuze rili na arudie. Na nyimbo zikikwisha, asizime mashine. Aiache izunguke hadi mkanda wenyewe uchomoke kwenye rili.